Kibao cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" na mteja anayetoka nchi za nje

Msomaji wa Moshi ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, kaka. Nina duka la viatu na mabegi hapa Moshi mjini. Kuna Mwingereza alinunua kwangu begi la mgongoni kwa shilingi 90,000 kabla ya kupanda mlima. Amerudi siku ya nane, zipu kubwa imeachia, anataka hela yake yote. Anasema kwao sheria inampa siku 30. Nikamwonyesha kibao changu, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akasema kwao hicho hakina kazi. Kabla sijapoa, akaingia dada mmoja anayeishi Marekani, amekuja likizo, anarudisha viatu vya mwanawe. Havina tatizo lolote, ila mtoto hakuipenda rangi. Naye anasema kule unarudisha hata baada ya miezi mitatu. Je, ni kweli? Sheria yetu inasemaje? Na mimi niweke utaratibu gani ambao hautaniua?"

Dada, hao wateja wawili wamekuletea mambo mawili tofauti, wewe ukawajibu wote kwa kibao kimoja. Wa begi analalamikia kasoro. Wa viatu amebadili mawazo. Karibu kila nchi unayosikia ikisifiwa kwa kurudisha bidhaa inayatenga mambo hayo: kasoro inasimamiwa na sheria, kubadili mawazo ni hiari ya duka. Wanaotoka nje wengi hawaujui mpaka huo kwa sababu maduka ya kule yameuficha kwa ukarimu wa kibiashara. Ndiyo maana wote wawili wanakuambia "kwetu ni haki yangu" kwa kujiamini kulekule.

Anachosema Mwingereza ni kweli, kwa kwao. Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha yote. Siku hizo zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana ndipo tunarudi kwenye fedha, yote au sehemu. Tena kwa miezi 6 ya mwanzo kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu siku ya kuuziana, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Kibao chako kingetundikwa London kisingemzuia mteja wa namna hiyo. Australia wamekwenda mbali zaidi: kutundika tu tangazo la "hakuna kurudisha fedha" ni kuvunja sheria, hata kama hakuna mteja aliyezuiwa nalo.

Lakini muulize huyohuyo Mwingereza: ukinunua begi dukani, zima kabisa, ukafika nyumbani ukalichukia, sheria yenu inakupa nini? Haimpi kitu. Duka likimpokea ndani ya siku 28 au 30, ni utaratibu wake lenyewe wa kuvuta wateja, na linaweza kuubadilisha likipenda. Anayelindwa kisheria kwa kubadili mawazo ni aliyenunua mtandaoni: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinampa siku 14 tangu mzigo umfikie, bila kueleza sababu. Mantiki yake ni nyepesi, kwamba hakupata nafasi ya kuishika bidhaa kabla ya kulipa. China nao tangu Machi 2014 wanampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 kwa sababu hiyohiyo. (Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kontena kutoka Guangzhou asijipe matumaini, siku hizo ni za mlaji wa huko.)

Sasa dada wa Marekani. Hapa ndipo watu wetu wanapopotoka zaidi, kwa sababu wanachokiona madukani ni kikubwa kuliko kilichomo kwenye sheria. Hakuna sheria ya shirikisho ya Marekani inayolilazimisha duka kupokea kiatu kizima kwa kuwa mtoto hakuipenda rangi. Ipo kanuni ya siku 3 za kughairi, lakini ni ya mtu aliyeuziwa nyumbani kwake na muuzaji anayebisha hodi. Jimbo la California linataka duka lenye masharti magumu ya kurudisha liyatundike pahali yanapoonekana, basi. Miezi mitatu anayoisema ni utaratibu wa maduka yenyewe. Walmart, kwa mfano, wanapokea bidhaa nyingi ndani ya siku 90. Baada ya Krismasi kuna foleni nzima za watu wanaorudisha zawadi, wengine wameshika risiti maalumu ya zawadi isiyoonyesha bei. Ni mila ya biashara iliyojengwa na maduka makubwa yanayogombania mteja mmoja.

Na hata huko ukarimu una kikomo. L.L.Bean, duka la Maine lililojulikana kwa kupokea bidhaa zake bila kujali zimekaa miaka mingapi, mwezi Februari 2018 lilitangaza mwisho ni mwaka mmoja, na risiti iwepo. Watu walikuwa wanaokota nguo zao kuukuu mnadani na kuzipeleka dukani kudai mpya. Nakutajia hili ili usidhani utapeli wa kuvaa na kurudisha ni ugonjwa wa Moshi peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wa nje hulichanganya, nalo ni huduma nzuri na utaratibu wa kurudisha. Havitembei pamoja. Japani utahudumiwa kwa heshima ambayo huku tunaitoa kwa wakwe: bidhaa inafungwa kwa karatasi taratibu, chenji inahesabiwa mbele yako, muuzaji anainama ukitoka, na bakshishi haitakiwi. Ukirudi kesho kusema umebadili mawazo, hakuna sheria inayokubeba, na maduka mengi hayana utamaduni huo. Hata ununuzi wa mtandaoni wa kule, siku 8 za kurudisha zinakufa pale muuzaji alipotangaza masharti yake tofauti. Ujerumani ni kinyume chake. Mtunza fedha wa duka la bei nafuu anakusukumia vitu vyako kwa kasi, unajifungashia mwenyewe, Jumapili maduka mengi yamefungwa. Lakini jokofu likiharibika mwezi wa ishirini, sheria bado iko na wewe, maana dhamana ya kisheria ya bidhaa mpya ni miaka 2. Walmart walipojaribu kuwapelekea Wajerumani tabasamu la Kimarekani mambo hayakuwaendea vizuri. Mwaka 2006 waliiuzia Metro, kampuni ya Kijerumani, maduka yao 85 na kuondoka. Sababu zilikuwa nyingi, ushindani wa bei ukiwemo, lakini inayosimuliwa zaidi ni wateja kukerwa na kusalimiwa mlangoni. Huku kwetu usipomsalimia mteja ndipo umemkosea.

Ukitaka mfano wa karibu, angalia Afrika Kusini. Sheria yao ya kumlinda mlaji ya 2008, iliyoanza kufanya kazi 2011, inasema bidhaa ikiwa na kasoro ndani ya miezi 6 mteja mwenyewe ndiye anayechagua: itengenezwe, ibadilishwe au arudishiwe fedha. Mteja achague, siyo muuzaji. Kenya wameiweka haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46, na wana sheria ya mlaji ya 2012. Ukivuka Holili kwenda Taveta umeingia kwenye karatasi nyingine kabisa, ingawa duka la kwanza utakalolikuta lina kibao kilekile chako.

Na sisi? Wengi wanadhani hatuna kitu. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na imechotwa kutoka sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Kwa hiyo wewe na mteja wako mmetoka kwenye maandishi mamoja. Wao wameendelea kuyabadilisha, sisi tumebaki nayo karibu kama tulivyoyarithi. Mambo matatu ndani yake yanakuhusu moja kwa moja.

Mteja akikueleza anataka bidhaa kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako kumchagulia, bidhaa ile inapaswa kuifaa kazi hiyo. Hata asipoeleza, ukiwa ni mtu unayeuza bidhaa za aina hiyo, inapaswa iwe na ubora wa kuuzika. Ila kama ameikagua kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulitakiwa kumwonyesha. Na akishaipokea na kuitumia, mara nyingi anachobaki nacho ni kudai fidia ya kasoro, si kukurudishia bidhaa na kuondoka na fedha yote. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo Tume ya Ushindani, FCC, inaisimamia, na inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa unayomuuzia. TBS wao wanasimamia viwango.

Hilo la ukaguzi ndilo roho ya biashara yetu, na mgeni haoni. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Arusha, pale Sokoine au kwenye vichochoro vya kuelekea Soko Kuu, ununue balbu. Muuzaji hakupi boksi na kukwambia kwaheri. Anaitoa balbu, anaichomeka kwenye soketi iliyofungwa juu ya kaunta, inawaka, anakutazama usoni: "Umeona?" Unaitikia. Anaizima, na wengine wanaandika tarehe ya siku hiyo kwa kalamu ya maka kwenye kitako chake kama wanatoa waranti. Ndipo unalipa. Uingereza hakuna anayekuwashia balbu. Unaichukua kwenye rafu, unaondoka nayo, isipowaka unairudisha. Ukaguzi ni uleule, wao wanaufanya baada ya kulipa na sisi kabla. Pale Memorial, Moshi, mnunuzi wa mitumba anageuza koti ndani nje, ananusa, anavuta kila kishikizo, kisha anaanza kubishania bei. Na hiyo bei anayopunguziwa, kwa kweli, ndiyo malipo yake ya kuibeba hatari mwenyewe. Kule bei haipungui, lakini gharama ya wanaorudisha imo ndani yake.

Kwa hiyo kibao chako si ushenzi. Kosa lake ni kwamba kinafaa bidhaa ambayo kasoro yake inaonekana ikikaguliwa, wewe umekitundika mbele ya kasoro isiyoonekana. Zipu inaweza kufunga vizuri mara tatu dukani na kuachia siku begi limejazwa nguo za baridi. Mzungu aliyevaa mabuti ya mlima anayenunua begi la mgongoni Moshi, sidhani kama hakukwambia anakwenda wapi. Ulijua. Kwa hiyo kibao hakikukingi.

Hata hivyo hastahili 90,000 yote. Siku 30 zake ni za manunuzi ya kwao, na hapa amelitumia begi mpaka mlimani na kurudi. Mpe hivi: unalipeleka begi kwa fundi kwa gharama yako, zipu nzima ibadilishwe, alichukue kabla hajaondoka mjini. Kama anaondoka jioni ileile na fundi hawezi kuliwahi, mrudishie kiasi cha kutengenezea na nyongeza ya usumbufu, muandikiane kwenye risiti. Wageni wengi wanalikubali hilo wakiona limetolewa haraka bila kuzungushwa. Na tuwe wakweli, hakuna atakayekupeleka mahakamani kwa begi. Atakachofanya ni kukupa nyota moja kwenye ramani ya Google, akiwa amekaa uwanja wa ndege wa KIA akisubiri ndege, na wenzake wa msimu ujao wataisoma.

Mteja akilipa kwa kadi jambo linabadilika kidogo. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya 1974 inaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100, na mwaka 2007 mahakama yao ya juu ilisema ulinzi huo unamfuata hata akinunua nje ya nchi. Begi la 90,000 haliifikii bei hiyo. Ukianza kuuza mahema na mabuti ya bei kubwa kwa kadi, lijue.

Fundi zipu ndiye sababu kubwa ya wewe kutoiga utaratibu wa Marekani. Kule saa moja ya fundi ni ghali, kwa hiyo duka linaona heri kumpa mteja begi jipya na lile bovu kulirudisha kwa msambazaji au kuliuza kwa mafungu kwa wanaonunua mabaki. Wewe una mafundi hatua chache kutoka dukani. Piga hesabu: begi umelinunua 60,000, umeliuza 90,000. Ukirudisha fedha yote na begi lisiuzike tena, umepoteza 60,000, yaani faida ya mabegi mawili mengine, na hapo hujagusa kodi ya fremu. Ukilitengeneza, hata fundi akitaka 10,000, bado una 20,000 mkononi na mteja ameridhika. Kutengeneza kwanza ndiyo nguvu yako, usiione ni umaskini.

Sehemu ngumu haiko dukani kwako, iko Kariakoo. Maduka ya nje yanapokea kwa urahisi kwa sababu nyuma yao yuko msambazaji aliyebanwa kwa mkataba: kikirudi na kasoro, kinakatwa kwenye ankara yake. Wewe unanunua dazeni kwa fedha taslimu, mzigo unapanda basi usiku, na ukimpigia muuzaji wa jumla kuhusu begi la saba anakwambia uliyaona. Kabla ya kuandika sera yoyote ukutani, zungumza naye. Usimwombe arudishe fedha, hatakubali. Mwombe abadilishe kipande chenye kasoro ya kiwandani safari yako ijayo, kwa sharti kwamba umekipiga picha na kumtumia kwa WhatsApp ndani ya siku mbili tangu mzigo ufike. Wale wanaokuuzia mara kwa mara wanakubali, hasa msimu wa mlima ukikaribia na wanajua utaagiza. Asiyekubali, bei yake ya jumla ipime upya, maana kasoro zote umezinunua wewe.

Halafu fungua mzigo kabla ya kuupanga. Kila begi lijazwe maboksi matupu au magazeti mpaka litune, zipu ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa likiwa limejaa. Rudia hilo mbele ya mteja, mwache na yeye avute. Kwenye risiti andika kwa mkono "zipu imekaguliwa na mteja". Mwenye duka la balbu amekuwa akifanya hivyo siku zote.

Kuhusu viatu vya mtoto: sheria haikulazimishi, Tanzania wala Marekani. Ila ningembadilishia. Soli safi, boksi lipo, risiti ipo, siku chache zimepita, hupotezi kitu. Unampa rangi nyingine ya bei ileile au anaongeza hela. Badilisha bidhaa kwa bidhaa, usirudishe fedha, kwa sababu risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ikishatoka haifutiki kwa kusema samahani, na ukirudisha kwa simu makato nayo yanahitaji mlipaji. Kama alipunguziwa bei, thamani ya kubadilishia ni ile iliyo kwenye risiti, siyo ile ya kwenye lebo. Hapa andaeni hesabu mapema, maana ndipo kelele zinapotokea. Soksi, nguo za ndani na hereni usipokee kabisa. Hata Ulaya vitu vya usafi wa mwili vikishafunguliwa havirudi.

Kibao kipya ningekiandika hivi: "Kagua kabla ya kulipa, tutakusaidia. Bidhaa yenye kasoro tunatengeneza au kubadilisha ndani ya siku 14, na risiti. Bidhaa nzima isiyotumika unaweza kubadilisha ndani ya siku 3, hatutoi fedha. Soksi, nguo za ndani na hereni hazibadilishwi." Siku hizo ni pendekezo langu, zipunguze au uziongeze kwa kadiri muuzaji wako wa jumla anavyokubeba. Chini yake weka maneno hayohayo kwa Kiingereza, na yaleyale nyuma ya risiti, kwa sababu mteja wa mlimani hasomi ukuta, anasoma karatasi akiwa hotelini.

La mwisho ni msaidizi wako wa dukani, kama unaye. Mpe ruhusa ya kuamua mwenyewe mpaka kiasi fulani, tuseme gharama ya fundi isiyozidi 15,000, bila kukupigia simu. Mteja mwenye tiketi ya basi la saa nane mchana hawezi kukusubiri utoke Kariakoo.